Mlango Mwepesi wa Blogu ya Lumban Rihit

Lumban Rihit, Samosir
2 Agosti 2010

Kwa Shangazi Mama Gomgom, Cililitan, Jakarta.

Shangazi, kabla hujafika mstari wa pili, kaa kwenye kiti kizima, siyo lile benchi lako la wateja. Barua hii imeandikwa na mwanamume mwenye akili kuliko wote waliowahi kuzaliwa kuzunguka ziwa hili, nikihesabu na waliokufa. Walimu walinitoa kidato cha pili kwa sababu nilikuwa nimewamaliza. Wao wanasema ni utoro. Basi, kila mtu na maoni yake.

Nakusalimu horas, na horas tena. Huku wote wazima. Mdogo wangu Lasma amekuwa wa tatu darasani, lakini anavyotembea utadhani ni wa kwanza. Vitunguu vimekubali. Nguruwe jike amezaa, na watoto wote wana sura ya Baba Mdogo Togar akiwa amenuna. Andaliman, ile pilipili yetu ya porini, ya mchuzi wa hilo duka lako la chakula na tembo, nimeifunga pamoja na barua hii, dereva wa basi ni yule yule. Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Nikipiga, walevi wako wanaimba, wewe unapiga kelele "Nani? Nani?", salio linakwisha. Barua inapanda basi kimya kimya.

Sasa habari kubwa. Nyumba ya Baba imekwisha! Ile aliyoiacha nguzo tupu siku tulipomzika, mimi nimeimaliza. Inasimama juu ya nguzo kama za zamani, ngazi ya mbele, paa la bati jekundu linaonekana mpaka ng'ambo ya ziwa. Mafundi walikuwepo, sikatai, lakini akili ilikuwa yangu.

Tatizo ni Mama. Haingii. Anasema nyumba mpya haiingiwi mpaka kaka yake aje na samaki na kitambaa cha ulos, amfunike mabegani, amtamkie baraka. Nilimwambia, "Mama, Mjomba Jaulung ana miaka kumi na moja hajaonekana. Namba yake anapokea mama mmoja muuza mikate." Akasema, "Basi nitangoja." Kwa hiyo analala kwenye jiko la zamani kule nyuma. Yuko sawa, anapenda jikoni.

Lakini mimi nimemwahidi kitu. Unakumbuka ile blogu yangu ya habari za kijiji, ninayoandikia kwenye duka la intaneti pale Pangururan siku za gulio? Nani kafa, nani kaoa, vitunguu bei gani, picha za nyumba yetu kutoka pande zote. Nilimwambia Mama: watu wetu waliotawanyika wakijiunga, kila nikiandika, habari inawafuata huko huko waliko. Wakijiunga wengi, na kaka yako atakuwemo. Nitamleta kwa waya.

Ila hawajiungi, Shangazi. Waliojiunga ni tisa, na watatu kati yao ni mimi. Wengine wanasoma, naona, halafu wanaondoka. Kosa ni la Baba Mdogo Togar. Kwa kuwa ni karani wa kanisa, alidai yeye ndiye atunge fomu ya kujiunga. Maswali kumi na manne! Ukoo wako. Kizazi cha ngapi. Kijiji cha babu. Ukoo wa mama. Umeoa wapi. Unafanya kazi gani. Unasali wapi. Nikamwambia, "Baba Mdogo, huyu mtu anataka kusoma bei ya vitunguu, haposi." Akajibu, "Nitamkaribishaje mtu kabla sijajua nimwite nani?"

Hebu niambie, huko Jakarta hujawahi kumsikia Mjomba? Mama anasema sasa hivi lazima ni wakili mkubwa, mtu wa suti.

Mimi, mpwa wako usiye na mwingine kama yeye,
Marulak


Cililitan
29 Agosti 2010

Marulak baba,

Horas. Andaliman imefika, na majigambo yako yamefika, basi liliegemea upande mmoja. Hata nyuki wa babu yako hawakuwa na kelele hivyo.

Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Gomgom wangu kapata kazi kwenye karakana ya pikipiki, anarudi mweusi kama sufuria. Duka linaenda. Juzi wawili walipigana kwa sababu ya wimbo, mmoja alisema umeimbwa polepole mno. Niliwatoa wote kwa ufagio, wakarudi kula.

Nyumba imekwisha! Nililia mbele ya wateja, na sikuona haya. Kaka yangu angekuwepo angejifanya anakagua misumari ili watu wasimwone anafuta macho. Umefanya kazi ya kiume, baba. Sitarudia kusema hivyo, kwa hiyo ikate sentensi hiyo uitunze.

Kuhusu fomu ya Togar. Umenifanya nifikirie. Mimi na intaneti ni kama paka na ziwa, lakini mlango naujua, nina duka. Mtu mwenye njaa ukimsimamisha mlangoni ukamuuliza kazi yake, anakwenda kula kwa jirani. Wapo watu wetu hapa mjini, wazuri kabisa, walioaga nyumbani kwa ngoma wakisema watarudi wakubwa. Sasa wewe unawauliza kazi. Toa maswali, Marulak. Toa yote. Acha watu waingie gizani, wakae nyuma, wasome. Labda yupo anayetamani sana kuiona hiyo nyumba.

Jakarta ni kubwa, baba. Mawakili ni wengi.

Mwambie mama yako nampelekea blanketi. Jiko lile si ndilo linalovuja upande wa kuni?

Shangazi yako


Lumban Rihit
20 Septemba 2010

Shangazi wa mimi,

Horas! Wazima wote. Lasma sasa anatembea kama mwalimu mkuu. Mmoja wa wale nguruwe wenye sura ya Baba Mdogo tumemuuza, akanuna mpaka kwenye gari. Blanketi limefika, Mama amelipenda. Kikohozi kidogo tu cha moshi, si unajua kuni mbichi. Jiko linavuja kidogo upande wa kuni, lakini yeye analala upande wa mbele.

Sasa vua kilemba, maana unazungumza na shujaa.

Nilingoja Baba Mdogo aende kwenye mkutano wa kanisa Balige, nikaifyeka fomu. Maswali yote kumi na manne! Nikabakiza kisanduku kimoja tu: weka anuani yako ya barua pepe. Chini yake kitufe, chekundu, kikubwa kama tikiti: JIUNGE. Basi. Hata bibi kipofu angekibonyeza kwa kiwiko. Halafu kile kitufe nikakiweka juu, maana cha zamani kilikuwa chini kabisa baada ya matangazo ya kwaya, mtu anafika hapo amezeeka.

Shangazi, waliingia kama maji! Medan, Batam, Papua, mmoja yuko kwenye meli sijui bahari gani. Yule kijana wa duka la intaneti ananiita Bwana Mkurugenzi, na sasa ananipa kiti chenye mgongo.

Na nikaongeza ufundi wangu mwenyewe. Mtu akibonyeza tu, mashine inamjibu papo hapo, hata mimi nikiwa shambani: "HORAS, SHEMEJI! Mlango ulikuwa wazi ukaingia bila kubisha. Haya kaa, lipia tembo la kwanza, hapa hatumlei mtu." Sijui ukoo wake, sasa nimwite nani? Nikawaza, katika ndugu wote aliye mtamu ni shemeji. Ndiye pekee unayeweza kumtukana akacheka.

Kelele zilizotoka! Mke wa mchungaji kaandika kuuliza ni nani aliyemwozesha. Mzee mmoja wa Medan, wa ukoo wa Mama, akaandika kwa herufi kubwa kwamba yeye kwangu ni mjomba, na mjomba haambiwi alipie tembo. Unajua ukoo wa Mama wote ni wajomba zangu, hata yule mtoto wa jirani wa miaka saba. Naye kasikia, kagoma kunisalimia! Nampita njiani anageuza uso kama hakimu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Baba Mdogo aliporudi alishika kichwa. "Umewaita watu wazima walevi wenzako!" Nikamwambia, "Baba Mdogo, wewe ulikuwa na heshima na watu sita. Mimi nina kijiji kizima."

Wengine wanajiunga kwa majina ya ajabu, maana hakuna anayewauliza. Mmoja anajiita Pancha. Pancha! Alijiunga, akapata salamu yangu, na hapo hapo akajitoa. Ndiye pekee aliyejitoa mpaka leo. Tairi limeingia, upepo ukatoka, psss. Nimemsimulia kila mtu.

Mjomba bado. Kila nikirudi kutoka gulioni Mama ananiuliza kabla sijashuka kwenye pikipiki, "Amejiunga?" Namwambia, "Bado, lakini foleni ni ndefu."

Marulak, Bwana Mkurugenzi


Lumban Rihit
8 Novemba 2010

Shangazi,

Horas. Je, andaliman ya mwezi uliopita haikufika? Nimemuuliza dereva, anasema alikupa mkononi, na hukumtania hata kidogo. Akadhani unaumwa. Unaumwa? Au Gomgom kaharibu pikipiki ya mtu?

Huku mvua. Barabara ya Pangururan imegeuka mto, nakwenda na buti za marehemu Baba. Lasma mzima. Nyumba imesimama, haivuji hata tone. Mimi huingia kuifagia na kuondoa buibui, halafu natoka. Inanukia mbao mpya. Inasikitisha kidogo nyumba kunukia vile bila mtu.

Mama yuko sawa. Sauti imekuwa nzito tu, kwaya wanasema sasa aimbe na wanaume. Nimehamisha kitanda chake, maana na upande wa mbele umeanza kuvuja. Nilimwambia, "Mama, ingia tu, nani atajua?" Akanitazama. Sikurudia.

Blogu inazidi kukua. Ila siku hizi sipati usingizi mzuri, sijui kwa nini. Niandikie hata matusi.

Marulak


Cililitan
5 Desemba 2010

Marulak,

Horas. Siumwi. Gomgom mzima, duka zima. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika siandiki, maana kalamu huchana karatasi. Halafu nilikuwa nimefungwa mdomo kwa ahadi. Leo naivunja, na ukoo wa mama yako wanisamehe.

Pancha hula hapa kwangu kila Jumapili.

Soma tena kama hukuelewa. Amekuwa akila hapa miaka minne. Kibanda chake kiko karibu na daraja, ametundika tairi kuukuu barabarani ili watu wajue. Anaziba matairi, Marulak. Hakuwahi kuwa wakili. Alisoma mwaka mmoja, mambo yakamshinda, na kila mwaka uliopita ukawa mzito zaidi kuubeba kurudi nao nyumbani. Baba yako alipokufa alifunga mzigo, akafika kituo cha basi, akakaa pale mpaka jioni, akarudi. Aliniambia, "Dada yangu amewaambia watu mimi ni wakili. Nitasimama kwenye kaburi la shemeji yangu na mikono hii?" Akanionyesha mikono. Nikamwahidi sitasema.

Kila Jumapili nampa kipande cha nyama cha heshima, kile anachostahili mtu aliyetoa mke kwenye ukoo wetu, hata akiwa amelipia mchuzi tu. Jumapili moja nikamsomea barua yako ya Agosti. Aliniomba nisome mara ya pili pale uliposema paa jekundu. Akauliza, "Hiyo blogu, mtu akitaka kuona picha lazima aseme kazi?" Sasa umejua kwa nini nilikuambia utoe maswali.

Ukayatoa. Gomgom akampeleka duka la intaneti, akiwa amenawa mikono kwa sabuni ya unga. Hakuwa na anuani, wakaifungua hapo hapo. Gomgom anasema alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, kama anamgusa mtoto. Na mtoto wa dada yake akamjibu. Shemeji! Lipia tembo! Hapa hatumlei mtu!

Yeye alijua mashine? Yeye aliona mmeshamtambua, na mnamdhihaki. Mtu ambaye baraka inatoka mkononi mwake ili mama yako aingie ndani, unamwita kama mlevi mwenzako wa benchini. Alikuja hapa, akala, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Na barua yako ilipofika ya psss, nilikuwa karibu kuja Samosir na ufagio.

Amerudi wiki iliyopita tu. Amekonda.

Jambo la mwisho. Usiniandikie tena kwamba mama yako anapenda jikoni. Mimi nimezaliwa karibu na jiko hilo. Hakuna anayelipenda mvua ikinyesha. Yuko vipi? Jibu kama mwanamume.

Shangazi yako


Lumban Rihit
20 Desemba 2010

Shangazi,

Horas. Lasma mzima. Krismasi imekaribia, kwaya wanakoroma.

Barua yako niliisomea nyuma ya ghala la vitunguu. Nilivyotoka, Lasma akasema nina macho mekundu. Nikamwambia vitunguu. Kwa mara ya kwanza nimevisingizia vitunguu machozi yangu mwenyewe.

Lakini mimi ni mimi, na akili bado ni ile ile, kwa hiyo nilikwenda Pangururan siku hiyo hiyo, mvua na yote. Nilimchukua Baba Mdogo Togar nyuma ya pikipiki. Ndiyo, yeye! Alinishika kiuno njia nzima akisali. Nikamkalisha kwenye kiti changu chenye mgongo, nikamwambia, "Baba Mdogo, ulisema utamkaribishaje mtu kabla hujajua umwite nani. Ulikuwa sahihi."

Akasema, "Sema kwa sauti, yule kijana wa duka hajasikia."

Nikasema kwa sauti.

"Basi turudishe maswali kumi na manne," akasema.

"Baba Mdogo, usininyonge."

Tukabishana, tukanywa kahawa, tukabishana tena. Mwisho tukakubaliana swali moja. Sasa kuna visanduku viwili. Kimoja cha anuani. Kingine kimeandikwa: TUKUITE NANI? Mtu anajaza mwenyewe. Akitaka aandike Mjomba, Babu, Shemeji, Mama Mchungaji, au asiandike kitu. Kazi yake hatuulizi. Ukoo hatuulizi. Mashine inachukua neno lile lile aliloandika na kumsalimu nalo, halafu inasema: "Mlango ni wako." Tembo nimelifuta.

Ile salamu ya zamani niliwaomba radhi wote kwenye blogu, kwa jina langu na la ukoo wangu. Mjomba wangu wa miaka saba nilimpelekea pipi nyumbani kwao, nikampa kwa mikono miwili. Amenipa mkono, lakini kwa shingo upande.

Shangazi, mpe Jumapili kipande kikubwa. Usimwambie aje. Mwambie tu kuwa mlango umebadilishwa, ajaribu mara moja. Mama sijamwambia kitu. Akiniuliza "Amejiunga?" nasema bado.

Umeniuliza yuko vipi. Mvua itakwisha tu.

Marulak


Cililitan
16 Januari 2011

Baba,

Horas. Haraka haraka, dereva anapiga honi.

Amepanda basi leo. Huenda akafika pamoja na karatasi hii, yaani uwe umeipokea mikononi mwake. Suti aliyovaa ni ya marehemu mume wangu, mikono ya koti ni mifupi. Usiitazame. Ulos ameununua mwenyewe, alikataa nimsaidie. Samaki atanunua Pangururan wakiwa hai, nimemwambia achague wenye mayai.

Kibanda chake Gomgom atakikalia mpaka arudi.

Msalimie mama yako. Mwambie nampenda, halafu kanusha kuwa nimesema.

Shangazi yako


Lumban Rihit
7 Februari 2011

Kwa Shangazi Mama Gomgom, mwenye ufagio,

Horas mara nyingi kadiri ya mdomo wako. Lasma mzima, sasa ni wa pili darasani na hashikiki. Andaliman ya safari hii ni ya kwanza ya msimu, usiwape walevi, ipike wewe.

Sikiliza sasa nikuambie mpwa wako alivyoufanya ulimwengu.

Kwanza kisanduku. Nilikuwa Pangururan nikakuta mtu mpya. Pale penye TUKUITE NANI, ameandika: "Mjomba. Ninaziba matairi." Yote hayo kwenye kisanduku kimoja! Na mashine yangu, kwa kuwa ni mtiifu kuliko mimi, ikamjibu: "Horas, Mjomba. Ninaziba matairi! Mlango ni wako." Niliichapisha ile salamu, nikaitia ndani ya shati mvua isiilowanishe, nikampelekea Mama. Aliisoma akiwa amekaa jikoni. Akasema, "Anaziba matairi? Si alikuwa wakili?" Akaikunja ile karatasi. Akasema, "Basi atakuja na mikono michafu. Sabuni ipo."

Mjomba akaja na barua yako mkononi, dereva wa basi alikuwa ametupigia simu tangu jana yake. Nilitoka mbio kumpokea barabarani, hotuba yangu ya radhi nimeikariri toka Krismasi, kijiji kizima kimesimama, Baba Mdogo kavaa tai. Nikainama, nikafungua mdomo niseme "Mjomba." Yeye akaweka ndoo ya samaki chini, akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa:

"Shemeji! Tembo liko wapi?"

Shangazi, watu walianguka. Baba Mdogo alicheka mpaka tai ikaingia mdomoni. Na mjomba wa miaka saba akaniambia, "Umeona?" Hotuba yangu haijasomwa mpaka leo. Mikono ya suti iliishia hapa, karibu na kiwiko. Sikuitazama. Unaona, na mimi najua kunyamaza nikitaka.

Halafu akamwona Mama, na hapo utani ukaisha. Alimwendea, akampa mikono yote miwili ikiwa imegeuzwa juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mama akaishika, akaitazama, akaibusu. Samaki walikuwa wanapiga mikia ndani ya ndoo.

Mjomba akamfunika ulos pale chini ya ngazi. Akamtamkia maneno ya wazee wao, yote bila kukosea, miaka yote hiyo kwenye kibanda cha matairi na hakusahau hata moja. Ngoma zikaanza. Na hapo, Shangazi, ndipo mpwa wako alipofanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwanamume yeyote wa Lumban Rihit. Nilichuchumaa mbele ya Mama, nikasema, "Panda." Nikambeba mgongoni, na ulos wake, nikapanda naye ngazi yote mpaka ndani ya nyumba aliyoianza Baba! Watu wakapiga vigelegele. Wazee wakasema hawajaona mtoto anayemheshimu mama yake hivyo. Nasikia vijiji vya jirani wanataka kuifanya desturi. Nimepiga picha, nimeweka kwenye blogu, na siku hiyo hiyo wakajiunga wengi kuliko mwezi mzima. Kijana wa duka la intaneti sasa anasimama nikiingia.

Mama analala chumba cha mbele, kitanda kinatazama ziwa. Mjomba yuko naye hapa mpaka mwisho wa mwezi, ameziba matairi ya kijiji kizima bure, hata ya toroli. Mama anamwita wakili. Wanacheka.

Ningeishia hapa, ni mahali pazuri pa kuishia. Lakini uliniambia nijibu kama mwanamume, na sikujibu.

Sikumbeba kwa heshima, Shangazi. Nilimbeba kwa sababu hakuweza kupanda. Alijaribu kabla watu hawajaja, alfajiri, ili azoee. Alifika kidato cha pili cha ngazi akakaa chini. Daktari wa Pangururan anasema mapafu yameingia maji na moshi, mvua nzima pale jikoni. Dawa anakunywa, anakula, anaweza kupona, hakusema hawezi. Lakini Mjomba alibonyeza Septemba, kabla mvua haijashika. Angefika wakati ngazi hiyo Mama anaipanda na ndoo kichwani. Ile mvua yote ni neno langu moja.

Nilipochuchumaa pale mbele ya watu nilikaza miguu, nikavuta pumzi, maana Mama unamjua, mwanamke wa vitunguu, mabega mapana. Nilijiandaa kuhema mbele ya kijiji kizima.

Sikuhema. Alikuwa mwepesi, Shangazi. Mwepesi mno.

Marulak